UZI: Batman angefika Umoja, angelala ndani? (Na kisa cha fundi wa viatu wa hapa mtaani)

#1 MzeeWaFlashi (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Mimi ni yule wa kibanda cha sinema hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, unaleta flashi nakujazia. Biashara yenyewe inakufa, kila mtu ana bando siku hizi, lakini watoto wa shule bado hufika Jumamosi, na wakifika wanabishana kuliko wanavyonunua. Juzi wawili wa gredi ya tisa walinibana: Batman, yule shujaa wa sinema mwenye kinyago cha popo, angekuwa Nairobi, polisi wangemfunga au wangepiga naye picha? Nikacheka.

Jumatano jioni, kama saa kumi na mbili na nusu, pikipiki yenye watu wawili ikapita kando ya steji. Wa nyuma akanyakua simu ya dada mmoja, akamburuta mpaka magoti yakachubuka. Hatua kama thelathini mbele pikipiki ikateleza kwenye maji ya mtaro. Aliyeendesha aliinuka akatoroka nayo, wa nyuma akabaki chini. Wa kwanza kumfikia alikuwa Baba Toni, fundi wa viatu, mtu wa miaka hamsini na kitu, kiatu cha mwanamke mkononi na uzi wa kushonea bado unaning'inia mdomoni. Hakumpiga. Alimkalia.

Dakika mbili tu, umati umejaa. Yanayofuata mnayajua. Nisichoweza kusahau ni mtoto wa miaka kama kumi na miwili akibingirisha tairi kuukuu kwa kijiti, vile watoto huchezea, anakuja nalo mbio, uso umechangamka kama aliyetumwa dukani akaambiwa chenji ni yake. Nyuma yake jamaa ana chupa ya maji ya nusu lita, na harufu inakwambia ndani si maji. Baba Toni aliona yote mawili. Hakuinuka. Alisema tu, "Mkitaka kumwaga, mwageni. Na mimi niko hapa." Akakaa hivyo kama dakika ishirini, suruali imelowa maji ya mtaro, mpaka polisi wakafika.

Sasa ameitwa kituoni kuandika taarifa na halali. Kuna jirani amemtisha kwamba alimshika mtu ilhali si askari, kwa hiyo atashtakiwa yeye. Na wale vijana wangu wamepata cha kusema: je, Baba Toni ni kama wale wa sinema, au wale wa sinema ni wahalifu tu wenye mavazi mazuri? Nauliza yote mawili. Mawakili njooni.

#2 NduthiYaOuter

Hio tairi ilichelewa tu. Mimi nimeibiwa nduthi (pikipiki) mbili, nina namba mbili za OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kwa waleti, wino imeanza kufutika. Mwizi akishikwa asubuhi, jioni anakunywa chai kwao. Baba Toni ameharibu kazi ya watu.

#3 MamaMboga_Innercore

Wewe Nduthi, umesoma hapo kwamba tairi lililetwa na mtoto? Soma tena.

#4 WakiliWaKona

Mleta uzi, mwambie Baba Toni alale. Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 34, inamruhusu mtu yeyote kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, mradi ni kosa ambalo polisi wangemkamata bila hati. Inamruhusu pia kumkamata anayemshuku, kwa sababu za maana, kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Kunyakua simu ya mtu mbele ya watu kumo humo bila mjadala.

Mtego uko kifungu cha 35. Ukishamshika, mkabidhi polisi bila kuchelewa ovyo, na kama polisi hayupo karibu, mpeleke kituo kilicho karibu. Humfungii stoo usiku kucha eti unamhoji. Ukifanya hivyo kesi inakuwa yako, ya kumzuilia mtu kinyume cha sheria. Na nguvu utakayotumia iwe ile ya kumshika tu. Kumkalia anayetaka kukimbia, sawa. Kumvunja mkono akiwa ametulia, hapo umejeruhi.

Sasa wale wa tairi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 21: watu wakiungana kwa nia moja ya kuvunja sheria, kila mmoja huhesabiwa kuwa ametenda. Aliyeleta petroli, aliyeshika miguu, aliyewasha kiberiti, wote wanaingia kifungu cha 203, mauaji. Hakuna kosa linaloitwa "haki ya umati" kwenye vitabu vyetu. Hilo ni jina la gazetini.

Na Nduthi, usidhani sheria inambembeleza huyo kijana. Walikuwa wawili na walitumia nguvu, kwa hiyo upande wa mashtaka unaweza kuandika wizi wa mabavu chini ya 296(2), ambao adhabu yake kwenye karatasi ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987.

#5 MwalimuNjeri

Asante wakili, lakini umeruka Batman. Nina darasa zima litaniuliza Jumatatu.

#6 WakiliWaKona

Mwalimu, twende. Tuanze na nguo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 308, inamgusa mtu anayepatikana na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha anataka kutenda kosa kubwa. Halafu ndani ya kifungu hicho hicho kuna sehemu ambayo wengi hawaijui: mtu aliyepatikana amefunika uso kwa kinyago, amejipaka masizi, au amejigeuza sura, kwa nia ya kutenda kosa kubwa. Kinyago pekee si kosa, ndiyo sababu wauza vinyago vya sherehe hawako ndani. Shida ni kinyago pamoja na nia. Na nia ya mtu aliyekutwa juu ya paa la wenyewe saa nane usiku, ana vyuma vyenye makali vya umbo la popo kiunoni, mwacheni amweleze hakimu mwenyewe.

Lakini hayo ni madogo, wakili mzuri angeyapangua. Kosa lake hasa ni lile la 35. Anakamata vizuri kuliko Baba Toni, kisha anamfunga mtu kwenye nguzo na kupotea gizani. Afande yuko humu? Atueleze asubuhi yake inakuwaje.

#7 AfandeMstaafu

Niko. Nimestaafu, kwa hiyo nitasema.

Chukueni niko dawatini, zamu ya usiku inaisha, bado sijanywa chai. Naambiwa kuna mtu amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya stima, shingoni karatasi: MIMI NI MWIZI. Haya. Kwenye OB naandika nini? Mlalamishi? Hayupo. Mali iliyoibwa? Ana simu tatu mfukoni, lakini nani wa kusema zimetoka wapi. Aliyemkamata? Andika "Popo". Na yeye mwenyewe ana uvimbe kichwani, anaomba fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha. Nikimpa, mlalamishi wa kwanza kwenye kesi hiyo ni mwizi.

Huku saa 24 za Katiba zinakimbia, kifungu cha 49, lazima nimfikishe kortini. Nampeleka na nini? Na karatasi ile? Mwendesha mashtaka atanitazama kama mtu aliyeleta ugali bila mboga. Siku ya kusikilizwa shahidi hayupo, kesi inaahirishwa, shahidi hayupo tena, mwisho inaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Na kuondolewa kwa 87(a) si kuachiliwa kabisa, anaweza kushtakiwa upya, lakini mtaani nani anajua tofauti? Wanaona amerudi. Wanasema polisi wamekula.

Hilo la popo nimetunga. La watu kumtupa mtu langoni na kutawanyika nimeliona mara nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo. Unatoka nje, unauliza, "Nani ameibiwa hapa?" Watu mia, na kila mmoja anatazama viatu vyake.

#8 NduthiYaOuter

Afande na heshima zako, lakini polisi wamekula pia. Tuseme yote.

#9 AfandeMstaafu

Wamo waliokula. Sikatai.

#10 KatuniDaima

Hapa ndipo penye utamu, na mimi ni msomaji wa hizi katuni tangu primari. Waandishi wenyewe waliliona tatizo hili zamani. Batman alianza 1939, Superman mwaka mmoja kabla yake, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza kibali. Baadaye wakaanza kuuliza. Kwenye katuni ya Watchmen ya 1986 kuna sheria ya kubuni, Sheria ya Keene ya 1977, inayowapiga marufuku wenye vinyago wasiofanyia serikali kazi. Marvel, wachapishaji wengine wa katuni, nao mwaka 2006 wakaleta sheria ya kuwasajili mashujaa. Filamu yao ya 2016 ikageuza hilo kuwa mkataba wa nchi 117. Na nini kilichochea mkataba ule? Jengo lililolipuliwa kwa bahati mbaya LAGOS. Mashujaa wanatoka Marekani, wanapigana katikati ya soko la Waafrika, watu wanakufa, halafu mjadala mzima unakuwa wao wanajisikiaje. Mimi niliudhika nikiwa ndani ya ukumbi. Hakuna hata mmoja aliyeandika taarifa kituo chochote cha Lagos.

Ulimwengu wa kweli nao una vituko. Marekani kulikuwa na jamaa wa Seattle anayejiita Phoenix Jones, vazi jeusi na la dhahabu, kinyago na fulana ya kuzuia risasi. Oktoba 2011 alikamatwa kwa kuwapulizia watu dawa ya pilipili, akidai walikuwa wakipigana. Wale watu walisema hawakuwa wakipigana. Upande wa mashtaka haukumfungulia kesi, lakini alipotoka kortini alivua kinyago mbele ya kamera, na siri yote ikaisha siku hiyo.

Na mtu niliyempenda kuliko wote ni Superbarrio wa Mexico City. Tetemeko la 1985 liliacha watu wengi bila makao, na mwaka 1987 akatokea jamaa mwenye kinyago cha mpiga mieleka na suti nyekundu na njano. Hakumpiga mtu. Alikuwa anasimama na wapangaji wanaofukuzwa nyumbani, anaingia nao kwenye ofisi za serikali na kinyago chake. Huyo angekuwa na kazi Mukuru kwa Njenga ile 2021 nyumba zilipobomolewa.

#11 MwalimuNjeri

Huyo wa Mexico nitamfundisha. Wakili, swali: kwenye sinema kamishna wa polisi anawasha taa juu ya paa kumwita Batman. Si hiyo ni ruhusa?

#12 WakiliWaKona

Mwalimu, hiyo taa ndiyo ingemmaliza.

Marekani, katiba yao humzuia mtu wa serikali kukupekua ovyo. Mtu binafsi akiiba karatasi zako na kuzipeleka kwa polisi, korti inaweza kuzipokea, na Mahakama yao ya Juu ilisema hivyo tangu 1921 katika kesi ya Burdeau dhidi ya McDowell. Kwa hiyo Spider-Man anayejipigia kazi zake mwenyewe, ushahidi wake huenda ukaingia. Lakini Batman anaitwa na kamishna, anapewa faili, anatumwa. Huyo si mtu binafsi tena, ni mkono wa polisi uliovaa glavu. Kila mlango anaovunja ni kama polisi wameuvunja bila hati.

Kwetu mambo yako tofauti, na naona Katiba yetu ya 2010 ni kali zaidi hapa. Kifungu cha 20 kinasema sura ya haki inavifunga vyombo vyote vya serikali na watu wote. Hata wewe, hata mimi. Faragha ya mtu chini ya kifungu cha 31 haiishii kwa askari. Kisha 50(4): ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki hutupwa ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi au kudhuru utoaji wa haki. Hakuna pahali panaposema "isipokuwa aliyeupata alikuwa na koti la popo".

Na ile tabia ya kumning'iniza mtu ghorofani mpaka aseme? Haina faida hata chembe. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A: kukiri kunakubalika mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena kuwe na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Ukutani, kichwa chini miguu juu, hakuna mtu wa tatu.

Kuna sinema yake ya 2008 anakwenda Hong Kong kumteka mhasibu wa majambazi na kumrudisha kwa ndege, kwa sababu sheria za kule hazimtoi raia wao. Watu walipiga makofi. Sisi wa Nairobi tungepiga makofi kwa tahadhari, maana mchezo huo tumechezewa nyumbani kwetu. Abdullah Öcalan, kiongozi wa Wakurdi, alichukuliwa hapa Nairobi tarehe 15 Februari 1999 akielekea uwanja wa ndege, akatua Uturuki. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua 2005 haikukubali kwamba kukamatwa kwenyewe kulikuwa kinyume cha sheria. Kilichowashinda Waturuki ni jinsi kesi yake ilivyoendeshwa. Na Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alipotelea Nairobi, siku chache baadaye akaonekana kizimbani mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Sasa niambieni mtekaji shujaa ni yupi.

#13 MamaMboga_Innercore

Mimi mtu mwenye kinyago siku hizi akishuka kwenye Subaru isiyo na namba nafunga kibanda. Sisubiri kujua kama ni shujaa.

#14 KaleWaEastlands

Nyinyi vijana mnamtafuta Batman mbali. Nairobi ilikuwa na wake. Patrick Shaw. Mchana alikuwa msimamizi Starehe Boys, usiku askari wa akiba wa polisi asiyelipwa mshahara, mzungu mkubwa wa mwili hasa, anafukuzana na majambazi miaka ya sabini na themanini. Jina lake tu lilikuwa linatosha. Watoto tulitishwa kwalo, lala au Shaw anakuja. Alifariki 1988, na mpaka leo kuna wazee wanasema mji ulikuwa salama wakati wake, na kuna wazee wengine hawataki kusikia, kwa sababu wanakumbuka waliopigwa risasi kabla ya kuona hakimu.

Lakini tazameni: hakuwa na kinyago. Alikuwa na cheti cha akiba. Serikali ilijua jina lake, gari lake na anakofanya kazi. Je, ilimuuliza maswali? Hilo ni jambo jingine.

#15 ShoshWaKariobangi

Wajukuu, nimewasoma. Mimi si mtu wa sinema, mjukuu wangu ndiye ananiandikia.

Vijana wa ulinzi nilianza kuwaona kwa uzuri. Walikuwa wa hapa hapa, tunawajua mama zao. Usiku wanazunguka na rungu, wezi wakapungua kweli, nisiseme uongo. Tukawapa chai. Mwezi wa tatu wakasema chai haitoshi, kila mlango shilingi kadhaa. Baadaye choo nacho kikalipiwa, maji yakalipiwa, ukijenga chumba unalipa. Jirani yangu alikataa. Walikuja kwake mchana, si usiku, wakaondoa mlango wake kwenye bawaba na kuuegemeza ukutani vizuri kabisa, bila kuuvunja. Akalala siku mbili bila mlango. Siku ya tatu alilipa.

Hakuna aliyewatuma kutulinda na hakuna aliyeweza kuwafuta kazi.

#16 KaleWaEastlands

Shosh amesema kweli. Na kwa wasiokumbuka, tarehe 3 Machi 2002 kule Kariobangi North, magenge ya Mungiki na wale walioitwa Taliban yalikabiliana, zaidi ya watu 20 wakauawa usiku mmoja. Makundi kama hayo mengi yalianza kwa neno "ulinzi". Ndiyo sababu mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa, na makundi 33 yakatangazwa kuwa haramu kwenye gazeti rasmi la serikali, sungusungu wakiwemo.

#17 MgeniKutokaShinyanga

Shikamooni wakubwa. Mimi Mtanzania, nipo Nairobi kikazi. Nimeshtuka kuona sungusungu kwenye orodha ya haramu, maana kwetu ni halali! Walianza miaka ya themanini mwanzoni huku kwetu Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, wanakijiji wakajipanga kwa mishale na filimbi. Serikali ikawaangalia, ikaona haiwawezi, na mwaka 1989 ikawaingiza kwenye sheria pamoja na mgambo. Sisemi hawakukosea, walikosea sana, wapo waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Nasema jina moja, nchi mbili, huku mlinzi, kule mhalifu.

#18 WakiliWaKona

Marahaba, karibu sana. Na Nyumba Kumi yetu ya 2013, ule mpango wa majirani kulinda mtaa, tuliichukua kwenu, tukaacha mishale. Ulinzi wa jamii uko ndani ya Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, lakini kazi yake ni kutoa habari, si kutoa hukumu.

#19 BinShela

Mimi ni mtu wa Lamu niliyezama huku South B. Naona mnataja popo na buibui wa Wamarekani, na babu yetu Fumo Liyongo mmemwacha nje kama si shujaa. Mtu wa nguvu zisizo za kawaida, mfalme wa Pate anamwogopa, anamtia gerezani. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa, ndani mna tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa wanampa. Usiku ngoma ya gungu inapigwa nje, kelele zinaficha sauti ya tupa, yeye anakata pingu.

Sasa wakili, hapo makosa ni mangapi? Mama amesaidia mfungwa kutoroka. Wapiga ngoma je, nao wana nia moja? Na ninavyoona mimi, tofauti yake na hawa wa kofia zenye masikio ni kwamba Liyongo kila mtu alimjua. Hakuwa na uso wa pili. Aliyemuua alikuwa mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa sababu alijua babake ni nani na siri yake iko wapi.

#20 WakiliWaKona

Bin Shela, mama ana kesi. Wapiga ngoma ningewatetea bure.

#21 KatuniDaima

Tukiwa kwa mashujaa wetu, Boyie wa Shujaaz naye yumo. Katuni ya Sheng iliyoanza 2010, ilikuwa inakuja bure ndani ya gazeti. Hana ngumi wala kofia, anateka masafa ya redio na kutangaza kisirisiri. Hiyo ni kurusha matangazo bila leseni, jamani. Shujaa wetu mpole kuliko wote naye anatafutwa na serikali.

#22 NduthiYaOuter

Sawa, mmeongea vitabu vyote. Mimi niulize swali moja na msiniruke. Hessy. Yule wa Facebook aliyekuwa anaweka picha za vijana wa Dandora, Kayole, anawaambia waache wizi, halafu baadaye unaona picha ya maiti. Mtaani watu walikuwa wanalike. Mama zetu walikuwa wanalike. Kwa nini? Kwa sababu wamechoka. Sheria yenu ya 34, sawa, nimshike, nimkabidhi. Halafu? Nduthi yangu ya pili, aliyeiba nilimjua. Nilimpeleka mimi mwenyewe. Nikaambiwa nije kesho, nikaja. Nije Alhamisi, nikaja. Siku ya nne nilikuwa na deni la mkopo wa nduthi ambayo sina. Sikurudi. Kwa hivyo msiseme eti raia hatutaki kuwa mashahidi. Shahidi analipwa nini?

#23 AfandeMstaafu

Hakuna atakayekupa jibu zuri hapo, Nduthi. Nauli ya shahidi ipo kwenye karatasi. Mkononi ni hadithi nyingine.

#24 WakiliWaKona

Sikuruki. Hessy, awe nani awe nani, hilo ni jina lisilo na mtu nyuma yake wa kuitwa kortini. Hao vijana walitangazwa wezi na akaunti. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe, na 26 kinalinda uhai wa kila mtu, hata wa mwizi wa nduthi yako. Kama alikosea picha, na sura za vijana wa Eastlands wenye kofia za kufanana hukosewa kila siku, familia inamshtaki nani?

Wenzetu pia wamelipitia. Huko Marekani, jimbo la Georgia lilikuwa na sheria ya raia kukamata raia, ya mwaka 1863. Februari 2020 watu watatu walimfukuza kwa magari kijana mweusi aliyekuwa akikimbia mazoezi, Ahmaud Arbery, mmoja akampiga risasi, kisha wakasema walikuwa wanamkamata mwizi. Walipatikana na hatia ya mauaji, na mwaka 2021 jimbo likaifuta sheria yenyewe. Sisi ya kwetu bado tunayo, na naipenda ibaki. Lakini inasimama kwa mguu mmoja tu: kwamba aliyekamata atataja jina lake, ataandika taarifa, atasimama kizimbani, wakili wa upande wa pili atamuuliza kama alikuwa amevaa miwani na kama kulikuwa na giza. Mwenye kinyago hataki kuulizwa hivyo. Kupiga watu si tatizo lake kubwa hata kidogo.

Kuhusu kurudi mara nne na deni juu, hapo huna kosa. Sina la kukujibu.

#25 MzeeWaFlashi (mleta uzi)

Narudi na habari. Baba Toni ameandika taarifa leo. Walimpa kiti. Kijana alishasomewa mashtaka, akakana. Kesi itasikilizwa Makadara, na Baba Toni ndiye shahidi wa pili baada ya yule dada wa simu.

Kitu kingine. Mama wa yule kijana alifika kibandani kwa fundi jana. Hakujitambulisha. Alileta raba ya mtoto, soli imeachia, akakaa kwenye lile benchi. Baba Toni akamshonea. Alipomaliza ndipo mama akasema, "Mimi ndiye mamake." Kimya. Kisha akasema asante kwa kumkalia. Halafu akamwomba asiende kortini.

Baba Toni alimwambia ataenda. Alikataa pesa ya raba. Tangu jana haongei sana, na vijana wa flashi wamepita mara mbili kumwangalia tu.

#26 ShoshWaKariobangi

Pole kwake. Na pole kwa mama.

#27 MwalimuNjeri

Nimesoma hii mara mbili. Jumatatu nitaanzia hapa, Batman atangoja.

#28 NduthiYaOuter

Hio kesi ni saa ngapi?

#29 WakiliWaKona

Awe pale kabla ya saa tatu asubuhi, abebe kitambulisho. Orodha ya kesi hubandikwa nje, atafute jina la mshtakiwa, si lake. Akiitwa aseme alichoona kwa macho yake tu. Wakimuuliza kwa nini hakumpiga, ajibu vyovyote.

#30 NduthiYaOuter

Mzee wa Flashi mwambie asipande mathree (matatu), Jogoo Road asubuhi hawezi fika. Nitamchukua saa moja na robo hapo steji. Na ikiahirishwa nitamchukua tena. Simchaji. Aje na helmeti yake, ya abiria yangu imepasuka.